Nguzo Nne za Baba

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, na kila tulipopita mbele ya ile hoteli kongwe ya mjini Kigoma alimwambia wa bodaboda apunguze mwendo. "Unaziona nguzo nne za mapokezi? Zimebeba ghorofa nzima. Mikono yangu hiyo." Nilisikia maneno hayo tangu nasoma shuleni Gungu mpaka nikaajiriwa kupika humohumo hotelini.

Mwaka jana tajiri mpya alitaka kupanua mapokezi. Mafundi wakaambiwa waziache nguzo, wavunje ukuta ulio nyuma yake. Siku ya pili, chapati zikiwa kikaangoni, niliona ufa juu ya mlango wa jiko. Jana yake haukuwepo. Nikampigia baba simu, nimekereka zaidi kuliko kuogopa, maana vumbi lilishanijazia jiko.

"Shikamoo baba. Ukuta wa nyuma ya nguzo zako wanaubomoa. Kuna shida?"

Nilisikia redio yake, na nyundo upande wangu.

"Watoe watu."

"Si nguzo zimebeba?"

"Watoe watu, mwanangu. Nakuja."

Fundi mkuu alicheka. "Mama, wewe geuza chapati." Hapo hasira zikanipanda. Nikaenda na mwiko wangu kusimama kati ya ukuta na nyundo. Fundi akatukana, lakini nyundo akaishusha.

Baba alifika na bakora yake. Mtu wa salamu ndefu yule, lakini siku hiyo hakumsalimia yeyote. Aliinua bakora hadi juu kabisa ya nguzo ya kwanza, akamwambia fundi apande ngazi abandue plasta. Plasta ikadondoka. Kati ya nguzo na boriti palikuwa na upenyo. Fundi akapitisha kiganja chake, kikatokea upande wa pili.

"Ghorofa ilikuwa imeshasimama nilipozijenga hizi," baba alisema, macho chini. "Tajiri wa kwanza alitaka pambo. Unaobeba ni huo ukuta."

Wakakimbilia mirunda, wakaitegemeza dari. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyemcheka baba. Nilitamani angalau mmoja amcheke, baba apate wa kumgombeza.

Wiki iliyofuata tulipita pale tena. Wa bodaboda, aliyemzoea, akapunguza mwendo bila kuambiwa.

"Nenda tu," baba akasema.