Gorfa Iliyosukwa kwa Mkono wa Kushoto

Nyumba yetu pale Isiolo ilinukia vitu vya watu wengine. Ukifungua mlango ulikutana na harufu ya mbao zilizokaa sana stoo, ya kutu, ya nondo na dawa ya nondo, na ya ngozi ya masanduku ambayo tayari yalikuwa yamezunguka dunia kabla ya kufika kwetu. Tulikuwa na saa ya ukutani isiyo na mishale, taa ya kandili yenye kioo cha bluu, mashine ya kushonea iliyokosa gurudumu, na kiti cha kukunja kilichombana kidole kila aliyekikalia kwa mara ya kwanza. Wageni waliponyonya kidole chao, baba alikuwa akiwaambia kwa upole kwamba mke wake anafungua makumbusho. Vitu hivyo vyote, ningekuja kuelewa baadaye, Mama hakuvitaka hata kimoja. Alivinunua kwa sababu ameshafika mnadani, na ni aibu kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini inaelekea mwisho, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja hivi. Wazungu waliokuwa wakifanya kazi za mifugo, barabara na mashule walikuwa wakihama mmoja baada ya mwingine, na kila aliyehama alitoa vitu vyake verandani, akavibandika vikaratasi vya bei, akafungua geti saa mbili asubuhi; sisi tuliita mnada, ingawa hakuna aliyenadi. Mama alikuwa getini saa kumi na mbili na nusu, buibui limefungwa vizuri, mimi nimeshikwa mkono. Alikuwa na sheria zake. Usikitazame kitu unachokitaka. Nusa kwanza, kwa sababu mbao zilizooza hunuka kabla hazijaonekana. Na kila kitu kigeuze juu chini, maana juu ndiko watu hupaka rangi, ukweli uko chini. Mtu pekee aliyemtangulia getini siku nyingine alikuwa Mzee Jama, Msomali wa mjini ambaye babu yake alikuja huku kama askari wa Mwingereza. Yeye alinunua vya kale ili awauzie watalii pale kwenye kizuizi cha barabara ya kaskazini, na alikuwa na tabia ya kukisema vibaya kitu chochote alichokipenda, kwa sauti, ili wengine wakikimbie. Kati yake na Mama kulikuwa na utani wa miaka mingi, na ndani ya utani huo kulikuwa na vita kamili.

Alichokitafuta Mama ni kitu kimoja, gorfa ya mama yake. Gorfa ni chombo cha maziwa cha sisi Waborana, husukwa kwa nyuzi za mizizi na kukazwa mpaka kisivuje tone, halafu kikafukizwa kwa kijiti cha mzeituni wa mwituni kinachowaka, ili maziwa yakae na yapate ile harufu tamu ya moshi ambayo asiyeizoea huikimbia. Mama humsukia bintiye, binti akaondoka nayo siku ya kuolewa. Akko, ndivyo tunavyomwita nyanya, alimsukia Mama gorfa yake. Kisha ikaja ile miaka mibaya ya sitini, ya vita huku kaskazini, mifugo ikaisha, askari wakawakusanya watu vijijini wasiende kulisha, na Mama akaitoa gorfa kwa mzungu mmoja aliyepita na gari akikusanya vitu vya kienyeji. Alipewa unga. Dada yangu Halima alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na Mama alipenda kusema kwamba Halima alikula gorfa yake mwenyewe. Akko alifariki mwaka uliofuata, kabla Mama hajajifunza kusuka, na mwingine wa kumsukia hakuwepo. Sasa Halima alikuwa amechumbiwa, harusi ni baada ya Ramadhani, na Mama alikuwa ameapa mbele ya mashangazi wote kwamba mtoto wake hatatoka nyumbani na jagi la plastiki.

Wiki mbili kabla ya harusi, Ramadhani ikiwa imeisha, daktari mmoja wa mifugo akahama. Tulipopanda ngazi za veranda yake niliiona mimi kwanza, nikasahau sheria nikaikodolea macho. Ilikuwa pembeni mwa mlango, imepakwa vanishi inayong'aa, imeshikilia fimbo mbili za kutembelea na mwavuli. Mama aliuachia mkono wangu. Lakini Mzee Jama alikuwa karibu zaidi, na kwa desturi ya minada yetu, anayetangulia kuweka mkono ndiye mwenye haki. Alikuwa ameshauweka. Mama alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo hakumtania.

"Mzee Jama, wacha hiyo," alisema. "Hiyo ni ya mama yangu. Naoza mtoto nayo."

"Kila mtu hapa ako na mama, Mama Halima. Alama iko?"

"Iko. Hapo begani iliungua. Geuza uone."

Mzee Jama aliigeuza polepole. Alama ya moto ilikuwepo, nyeusi, saizi ya ukucha wa dole gumba. Aliitazama, akamtazama Mama, akaondoa mkono. Alisema tu kwamba ile kamera ya sanduku pale mezani ni yake na asimwone mtu akiigusa. Mama alilipa bei ya kikaratasi bila kubishana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akarudi nyumbani kwa mguu ameikumbatia huku akilia waziwazi barabarani. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umejua. Mashangazi walikuja wakapiga vigelegele, na baba mwenyewe akasema sasa makumbusho yanaweza kufungwa.

Siku iliyofuata tuliketi uani kuisafisha. Mama aliisugua kwa mchanga na maji moto ili vanishi itoke, nami nikapewa kazi ya chini, ambako mzungu alikuwa amegandisha kipande cha zulia ili isikwaruze sakafu. Nililibandua kwa kisu kidogo kidogo. Lilipotoka, kitako cha gorfa kikaonekana, pale mahali msukaji anapoanzia, uzi ukizunguka na kuzunguka kutoka katikati. Nilimpa Mama aone nilivyofanya kazi nzuri. Aliweka kidole katikati, akaufuata uzi, mzunguko mmoja, wa pili, halafu kidole kikasimama. Alianza tena. Alipomaliza aliiweka chini kwenye mkeka.

"Huyu alikuwa mtu wa mkono wa kulia," alisema.

Akko alikuwa wa mashoto, na uzi wake ulizunguka upande wa pili. Hilo nililijua vizuri, kwa sababu mimi pia ni wa mashoto, na kila nilipokemewa kwa kushika kalamu au kijiko kwa mkono mbaya, Mama alinong'ona kwamba huo ni mkono wa Akko. Nilimuuliza kuhusu ile alama ya moto. Alicheka kicheko kisicho na raha. Gorfa gani, aliniambia, ambayo haijawahi kuungua begani?

Halima alikuwa msichana mwenye akili za kutumika. Alisema kwamba zulia lilikuwepo na linaweza kurudishwa, mashangazi wameshapiga vigelegele, na hakuna mtu duniani atakayejua. Alisema kwa upole, akimhurumia Mama kuliko alivyojihurumia mwenyewe, maana ndiye ambaye angetoka na jagi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Siku tatu alizunguka nyumbani bila kuamua, akiifunika gorfa kwa leso, akiifunua. Niliombea anyamaze. Nasema ukweli, niliomba kwenye mkeka wa swala kwamba Mama adanganye. Siku ya nne alimwambia Halima, "Mwenyewe bado anaitafuta kama mimi," akaichukua akaenda nayo soko la maziwa.

Kina mama wa sokoni waliipitisha mkono kwa mkono. Waliangalia mdomo wake, jinsi ulivyomaliziwa kwa msuko wa kupandana, na mmoja aliyetoka Kinna akasema bila kusita kwamba hiyo ni kazi ya Akko Tume, na Akko Tume yuko hai, yuko kule karibu na mfereji, macho tu ndiyo yamechoka. Kesho yake tulipanda lori la mizigo. Sikumbuki mengi ya njiani, ila vumbi, na Mama akiishika gorfa mapajani kwa mikono miwili.

Akko Tume alikuwa mdogo wa umbo, ameketi mlangoni pamoja na mwanawe Galgalo, mtu mzima mwenye mvi. Mama alimwekea gorfa mikononi bila maelezo. Yule bibi hakuitazama, aliipapasa, kuanzia mdomoni kushuka mpaka begani, na kidole chake kikaingia kwenye alama ya moto na kutulia hapo.

"Galgalo ndiye aliichoma," alisema. "Nilimchapa."

Galgalo na mvi zake aliinama akatazama miguu yake, na sote tukacheka, na katikati ya kicheko hicho Akko Tume akaanza kulia. Yeye pia aliitoa kwa unga, mwaka uleule, pengine kwa gari lilelile. Hakujifanya kukataa wala hakutuambia turudi nayo. Aliagiza maziwa ya ngamia, akaifukiza, akanywa kutoka ndani yake mbele yetu, nami nikaona Mama akifurahi na kuumia kwa pamoja. Mama akamweleza habari za Halima, ndipo bibi akauliza harusi ni lini. Alisema gorfa yake haitoki tena peke yake, lakini yeye mwenyewe miguu anayo. Alikuja Isiolo siku ya harusi, ameketi mbele ya lori pamoja na dereva, akaketi mahali ambapo Akko wetu angeketi, na Halima akatoka nyumbani ameibeba gorfa imejaa maziwa. Baada ya siku saba bibi akarudi nayo Kinna.

Mimi bibi alinigundua wakati wa chai, katika siku hizo saba. Nilimpa kikombe kwa mkono wa kushoto, Mama akanikemea, na bibi akaushika mkono huo akaukanda vidole. Alisema niletwe likizo. Likizo mbili nzima nilikaa naye, na kwa kuwa hajawahi kumfundisha mtu wa mashoto, alihangaika kwanza, mpaka siku moja akaniambia nisikae ubavuni mwake kama wengine, nikae mbele yake, magoti yaguse magoti, nimfuate kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Vidole vyangu vilitoboka kwa sindano. Nilifumua mara nyingi kuliko nilivyosuka. Lakini mwisho wa likizo ya pili nilirudi nyumbani na gorfa ndogo, imepinda kidogo upande mmoja, na kabla ya kunisalimu sawasawa Mama aliigeuza juu chini. Aliweka kidole katikati akaufuata uzi, ukazunguka, ukazunguka, kidole hakikusimama. Alifika mpaka mdomoni. Mnada uliofuata hakwenda, wala wa baada yake, na Mzee Jama akamtuma mtu nyumbani kuuliza kama Mama Halima anaumwa.

Leo maziwa yanaingia Isiolo kwa madumu ya plastiki juu ya pikipiki, na gorfa nyingi nilizoziona miaka hii zimetundikwa kwenye kuta za mahoteli, zimepakwa vanishi. Silaumu. Dumu halichomi vidole vya mtu, na msichana wa sasa ana mengine ya kujifunza likizo. Mama ameshatangulia, Akko Tume pia, Mungu awarehemu, na gorfa yangu iliyopinda ninayo, bado naifukiza. Ile ya Akko sijaiona. Nikipita penye vitu vya kale, iwe Nanyuki au Nairobi, nageuza kila gorfa juu chini, wauzaji wakidhani naangalia bei. Nashukuru kwamba sikuipata nikiwa mtoto, kwa sababu tungeipata tungeenda nyumbani tukafunga mlango. Mjukuu wangu ameomba nimfundishe. Yeye ni wa mkono wa kulia, kwa hiyo nimemwambia akae mbele yangu, magoti yaguse magoti.