Aliyebaki Ukingoni

Nakumbuka siku niliyoiona bahari kwa mara ya kwanza, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye maneno mengi, mcheza ngoma katika kundi letu la Kisangani. Tulikuwa tumealikwa Ubelgiji kucheza kwenye tamasha, na tulipomaliza, wenyeji wetu wakatupa siku moja ya kutembea. Wakatupakia kwenye basi wakatupeleka pwani, kwenye gati refu linaloingia baharini.

Wengi katika kundi lile walikuwa watoto wa Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Wazazi wangu walitoka Maniema, lakini nilikulia mtaa mmoja nao, na ngoma zao nilizicheza kuliko wengine waliozaliwa nazo. Najisifu, ndiyo, kwani nani atanisifu sasa nikiwa na magoti haya? Mkubwa wetu alikuwa Papa Lisongo, mvuvi mzee na mpiga ngoma. Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kutuombea ruhusa. Kwa mama yangu alisema, "Mama Feza, mutoto niko namubeba mimi, na nitamurudisha mimi." Mama akakubali huku analia.

Unajua jinsi Wagenia wanavyosimika miti mikubwa kwenye miamba, wakaifunga kwa kamba za msituni, wakatundika mitego ya kusuka ambayo mtu mzima anaweza kujificha ndani yake. Wanaume hutembea juu ya miti hiyo, na maji yananguruma chini yao. Kwa akina Papa Lisongo hakuna aliyepanda miti kabla mtu mmoja hajabaki ukingoni. Huyo wa ukingoni humwita jina kila anayepanda, naye huitika. Akirudi, humwita tena. Haondoki pale, hata mvua imnyeshee, mpaka jina la mwisho liitikiwe. Papa Lisongo alikuwa na mdogo wake aliyepanda asubuhi moja bila kumwambia mtu. Walianza kumtafuta jioni, na mto haukumrudisha kamwe. Tangu hapo mzee hakuwa na mzaha na jambo hilo.

Basi tulishuka kwenye basi. Upepo ulikuwa wa baridi, unapenya hadi kwenye meno. Papa Lisongo hakutazama maduka wala watu. Aliinama akachungulia chini ya gati, akaikagua miguu yake yote ya miti iliyosimama mchangani, maana maji yalikuwa mbali sana saa ile.

"Na mitego yao iko wapi?" akauliza.

Kijana mmoja akamtafsiria mwenyeji wetu, kisha akamrudishia jibu: hakuna mitego, watu huja tu kutazama bahari.

"Kutazama tu? Na miti yote hii?"

Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima, akiwaza juu ya watu waliojitaabisha kiasi kile ili wayatazame maji. Nami nilipoinua macho, kicheko kikanikauka mdomoni. Nilikuwa natafuta ng'ambo. Kwetu, hata mto ukijaa, unaiona Lubunga upande wa pili, unaona moshi wa majiko yao. Pale hapakuwa na ng'ambo. Maji yalikwenda mpaka yakashikana na mbingu. Wenzangu wawili walikuwa wanalia na hawakujua kwa nini.

Papa Lisongo akatuzuia pale mlangoni pa gati. "Muende. Mimi nitabakia hapa."

"Papa, wewe ndiye ulikuwa unaitaka hii bahari!"

Ilikuwa kweli. Tangu Kisangani hakuwa na wimbo mwingine: alitaka kusimama pale yanapoishia maji yote aliyoyaona yakipita maisha yake yote.

"Mayi hii sijajua tabia yake," akasema. "Lazima mutu abakie."

Akatuita mmoja mmoja. Niliposikia "Feza!" niliitika kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na jambo moyoni.

Mwanangu, sikukusudia kurudi Kisangani. Binamu yangu aliyekuwa akiishi kule alikuwa anakuja kunichukua kwa gari, barabarani juu ya ufuko. Masomo yangu yalikuwa yamekatika kwa sababu ya vita, na nilitaka maisha. Sikumwambia mtu, hata mama. Katikati ya gati palikuwa na ngazi ya kushukia mchangani. Wenzangu walipotangulia wakipigana picha, nikashuka, nikapita kwenye mchanga mkavu, nikapanda hadi barabarani. Nikakaa kwenye benchi na mkoba wangu, nikala kipande cha kwanga, mkate wetu wa muhogo, nilichotoka nacho nyumbani. Binamu alichelewa, na sasa namshukuru Mungu kwa foleni ile iliyomkamata njiani.

Nilipogeuka kutazama, mchanga haukuwepo. Mto wetu ukitaka kupanda huchukua majuma, unakupa nafasi ya kuhamisha kuku na watoto. Bahari ile ilirudi kwa muda wa kuchemsha maharage. Ngazi niliyoshukia ilikuwa imezama nusu, na pale nilipopita kwa miguu yangu palikuwa na mawimbi. Niliogopa, lakini sikuweza kuondoa macho. Sijui nguvu ya namna ile inatoka wapi, inakuja bila mvua, bila kelele, na hakuna anayeisukuma.

Ndipo nikasikia jina langu.

"Feeezaaa! Feza eee!"

Ni ule mwito wa wavuvi, ule unaotoboa mngurumo wa maporomoko. Wenzangu wote walikuwa wamerudi na kuitika. Jina lililobaki lilikuwa langu. Mmoja alikuwa ameniona nikishuka ngazi. Papa Lisongo alikuwa amesimama majini hadi magotini, na suruali yake ya pekee ya heshima, akiita kuelekea baharini. Vijana walimvuta mikono, naye aliwatupa pembeni. Wazungu walikuwa wamesimama wakitazama.

Nilikimbia. "Papa, niko hapa! Niko huku!"

Akageuka. Akaangalia viatu vyangu vikavu, akaangalia mkoba. Alielewa yote, na sura yake ikazeeka mbele yangu.

"Mimi nilikuwa naita kwa mayi," akasema. "Kumbe uko kwa barabara."

Nilingoja kofi. Nililitamani, kwa kweli.

"Bon. Kama unapenda kubakia huku, bakia. Sitakufunga kamba. Lakini uniambie kwa macho, juu nisikuite tena. Na mama yako, nimwambie asikuite."

Gari la binamu lilikuwa limefika, linapiga honi. Nilikwenda dirishani nikamwambia siendi. Alikasirika, akaondoka. Niliporudi, wenyeji walikuwa wanatuhimiza tupande basi.

"Papa," nikasema, "bado wewe. Enda uone. Mimi nitabakia ukingoni."

"Utaita?"

"Nitaita. Papa Lisongo!"

"Eee!"

Akaenda, miguu mitupu, suruali inachuruzika. Alitembea mpaka mwisho wa gati, akasimama. Maji yalikuwa mbele yake, nyuma yake, chini yake. Hakuinua mkono, hakupiga picha. Nimeona mengi tangu siku ile, mwanangu, lakini sijaona kitu kikubwa kuliko mzee yule mdogo akiwa amesimama katikati ya maji yasiyo na ng'ambo. Baridi ilinitetemesha, na sikuthubutu kukaa. Nilielewa kazi ya mtu wa ukingoni ilivyo nzito. Aliporudi nikamwita, akaitika, tukapanda basi.

Sasa wewe una viza yako na simu yako, na wiki ijayo unapanda ndege. Usidhani nakukataza. Kifungua mimba wangu anaishi huko Mputu, Ulaya; alipita mlangoni, akaniaga, na kila Jumapili namwita kwa simu naye anaitika. Ninachokuomba ni hiki: usiondoke kwa siri. Ukibadili njia, sema, hata kama neno lenyewe litaniuma, maana asiyejua ulikokwenda atakuita kwenye maji maisha yake yote. Na siku mwenzako akitaka kwenda kuona, wewe ubaki, uvumilie baridi, umtajie jina.

Mungu akutangulie, akukutanishe na watu wema, akurudishe ukiwa mzima. Simama sasa hapo mlangoni na sanduku lako, nikuite. Uitike kwa nguvu, mwanangu, nisikie.