Sahani ya Peke Yangu

Harufu ya mvuje ndiyo inayonirudisha kwenye msimu ule. Kwetu sisi watu wa pwani mvuje si kitu cha kula. Ni utomvu mkavu unaonuka kuliko kitunguu kilichooza, hufungwa kwenye kitambaa na kuvishwa mtoto mchanga ili mashetani yapite mbali. Bi Hansa, jirani yetu Mhindi, aliutia kwenye dengu. Kila alasiri harufu ile iliruka ukuta wa ua wake, ikaingia uani kwetu Kilindoni, na Bibi yangu, akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, alikunja pua na kusema, “Banyani anafukuza mashetani tena. Yakitoka kwake yatahamia wapi kama si hapa?” Mimi nilikuwa nakaribia umri wa miaka kumi, na kusema kweli harufu ile ilikuwa inanipa njaa. Sikuthubutu kulisema hilo mbele ya mtu.

Niliishi pale kwa Bibi kwa sababu mama alikuwa amekwenda Dar kutafuta kazi, na kazi ikawa imempata kisawasawa, maana hakurudi. Mwenye nyumba hasa alikuwa Mjomba Faki, mvuvi, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Kulikuwa na mkewe na watoto wao, na kulikuwa na mimi. Nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, na naamini niliianzia hapo: wakati wa kula nilihesabu watu waliozunguka sinia, nikarudia, na mara zote mbili aliyezidi nilikuwa mimi. Lakini sinia lilikuwa na huruma yake. Tulikaa mkekani, wali katikati, kila mtu na upande wake, na Bibi alichambua samaki kwa vidole vyake akaweka kipande mbele ya kila mmoja. Hukujichukulia, uliwekewa. Kile kipande mbele yako kilikuwa kinasema kwamba wewe ni wa humu ndani, na kwa mtoto ambaye mama yake hajulikani atarudi lini, hilo halikuwa jambo dogo.

Bi Hansa alikuwa amezaliwa palepale Kilindoni, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha walimu wetu waliotoka bara. Mumewe alikwisha kufa, watoto walikuwa Dar, na duka lao la nguo lilibaki milango tu. Macho yake yalikuwa yanafifia, kwa hiyo Bibi alinituma kila alasiri nikamchambulie mawe kwenye dengu. Watu walimwita Banyani. Mwenyewe alisema kwao ni Wajaini, na dini yao imejengwa juu ya neno moja, ahimsa, yaani usikidhuru chochote chenye uhai. Nyama hali, samaki hali, mayai hali. Alikula kabla jua halijazama, asije mdudu akafuata taa na kuangukia chakulani. Hata kinachong'olewa na mizizi yake alikiacha. Nilipompelekea Bibi habari hiyo aliweka kifuu chini. “Muhogo nao? Muhogo ulimkosea nini?”

Nami nilikuwa mbishi tangu hapo, sikubali neno bila kulihoji. “Na mbu je, Bi Hansa?”

“Namfukuza.”

“Akirudi?”

“Namfukuza tena. Kwani mimi nina kazi gani nyingine?”

Nikamuuliza kuhusu maziwa, kwa kuwa nilijua Wahindi wengine wanakunywa. Akasema wazee wake walikunywa, na walikuwa watu wema. Ila yeye, akiwa bibi harusi, alipita kwenye shamba la minazi ambako ng'ombe walikuwa wanakamuliwa, akamwona ndama amefungwa kamba shingoni, anamtazama mama yake. “Wazee hawakumwona ndama yule,” alisema. “Mimi nilimwona.” Akaendelea kupepeta dengu. Hakuwa na mahubiri zaidi ya hayo. Tangu siku ile ya shambani, tui la nazi lilimtosha.

Sasa, Bibi alikuwa mtu wa ujirani, na ujirani wetu ni bakuli lenye kawa juu. Siku Mjomba alipopata pweza mkubwa, Bibi alimpika kwa tui zito, akajaza bakuli la kwanza na kunikabidhi. “Mpelekee Banyani wako. Maskini, hajala kitu cha maana tangu azaliwe.” Hakuwa na dhihaka. Aliamini kabisa kwamba Bi Hansa hali kwa kukosa wa kumpikia, na kwamba mchuzi wake ungemaliza ubishi wa dini mbili. Bi Hansa alifunua kawa, akatazama, akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Kwetu bakuli la jirani halikataliwi, naye alilijua hilo. “Mwambie bibi yako Mungu amzidishie.” Kisha akatoka uani, akachota maji, akaosha vipande vile kimoja kimoja mpaka vikatakata, akavikunja kwenye jani la mgomba, na mkono wake mzee ukaanza kuchimba chini ya mlimau. Alivifukia. Alikaa kidogo akinong'ona kwa Kigujarati, kisha akasafisha bakuli, akalijaza mbaazi, maana bakuli halirudi tupu.

Usiku ule pweza aliwekwa mbele yangu. Nilimtazama, nikaona kitu ambacho mahali pengine kimeshazikwa. Sikuweza kumeza. Siku ya pili alikuwa samaki aina ya changu, sikuweza. Bibi alifanya biashara nami kwa uvumilivu. “Basi mchuzi mtupu.” Nikasema mchuzi umetoka kwake. “Dagaa basi. Dagaa hana hata damu.” Nikasema ana macho. Binamu yangu Mwanaidi akacheka mpaka wali ukampalia, akaniita Bi Hansa Mdogo. Mwalimu wa madrasa alipoulizwa alisema hajaona nguzo ya sita inayohusu samaki, mtoto aachwe. Mjomba pekee ndiye hakucheka. “Mimi nalala baharini,” alisema, na akaishia hapo. Nilimwelewa vizuri. Mtoto wa nyumba ya watu alikuwa anakataa jasho lake.

Kesho yake Bibi aliniwekea sahani ya bati, wali na mchicha, pembeni ya mkeka. Alifanya hivyo kwa huruma, ili nile kwa amani. Kati yangu na sinia palikuwa na hatua moja. Hakuna aliyenitenga kwa ubaya, ila vidole vya Bibi viligawa vikazunguka, na havikunifikia tena.

Nilikimbilia kwa Bi Hansa nikitaraji sifa. Aliweka ungo wa dengu chini. “Mimi nyuma yangu wako wazee wangu wote,” alisema. “Nyuma yako yuko nani? Na mjomba wako naye ana uhai. Umemuumiza?” Nikasema nadhani ndiyo. “Basi ni ngumu,” akasema, akarudia kupepeta. Kabla ya Ramadhani mwanawe alikuja kumchukua, na ua wake ukakaa kimya.

Jioni ile Bibi hakuleta sahani ya bati. Alipapasa mkeka kwenye nafasi yangu ya zamani. “Njoo. Mwenzio kaenda zake.” Nikakaa. Mwanaidi akanisogelea, bega lake likagusa langu. Bibi akachambua kolekole aliyeletwa na Mjomba, akachagua shavu, ambalo kwa desturi ni la Mjomba mwenyewe, na Mjomba akatikisa kichwa kukubali. Akaliweka mbele yangu. Wote waliacha kula. Nililitaka lile bega liendelee kunigusa kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kisha nikasukuma kipande kwa kidole mpaka mbele ya Mwanaidi. “Ahsante, Mjomba. Nimeshiba.” Mjomba akanawa mikono wali ukiwa haujafika nusu.

Siku hizi nina mgahawa mdogo Utende, juu ya ghuba ya Chole. Wanakuja vijana wa Kizungu na Wahindi wa Dar wasiokula chochote cha mnyama. Wanazo simu za kutafutana na jina la kujiita. Nikiwaambia nilianza utotoni wananipigia makofi, kisha wanauliza ni nani mwingine kwetu anakula hivi. Nahesabu, narudia, nawaambia chai inapoa.

Bibi alishafariki. Nyumbani hakuna anayenitania tena, wananipigia simu mapema kujua wanipikie nini. Juzi, kwenye harusi ya binti wa Mwanaidi, masinia ya pilau yalitoka na watu wakasogea kuyazunguka. Mimi nilikuwa kwenye kiti, meza yangu imetandikwa kitambaa cheupe. Mjomba Faki, mzee sasa, aliinua mkongojo wake kuwaelekeza wapakuaji kwangu, na sauti yake ilikuwa imejaa heshima. “Mwanzieni mgeni,” alisema.