Marekebisho ya Orodha ya Wagonjwa

Katika kanisa letu la Tassia, Nairobi, orodha ya wagonjwa husomwa kila Jumapili, baada ya matangazo na kabla ya sadaka, na kwa miaka mingi aliyeisoma alikuwa mama yangu. Kanisa lenyewe ni la mabati, limebanwa kati ya maghorofa mawili ya kupangisha, hivi kwamba mtu akianika nguo ghorofa ya tatu matone huanguka juu ya paa wakati wa maombi. Mama alikuwa katibu wa kina mama. Siku za kazi alikagua pakiti katika kiwanda cha sabuni. Pakiti iliyopungua uzito aliitoa kwenye mstari bila kumwonea mtu haya, na orodha aliiendesha vivyo hivyo. Kila mgonjwa aliandikwa jina lake, ugonjwa wake, mahali alipo, na siku nzuri ya kumwona.

"Ukisema tu kwamba fulani anaumwa," alituambia nyumbani, "watu watampelekea machungwa mtu wa vidonda vya tumbo."

Kwa hiyo kanisa letu lilijua mambo. Tulijua nani ana mawe kwenye nyongo na nani ametolewa kizazi. Mzee mmoja wa kanisa, fundi wa magari, alisomewa bawasiri yake Jumapili tatu mfululizo na bado akakaa kiti cha mbele, juu ya mto aliokuja nao. Hakuna aliyecheka, angalau si ndani. Baada ya ibada kina mama walijigawa, na kufikia katikati ya wiki mgonjwa alikuwa ameonwa: unga, sukari, majani ya chai, wimbo mmoja, sala, na mazungumzo marefu.

Ugonjwa mmoja tu haukuwahi kusomwa. Familia iliyokuwa nao iliomba ikumbukwe kwa "mambo ya nyumbani", kisha baada ya muda tukaambiwa mgonjwa ameenda mashambani. Wengi wetu tulitoka magharibi ya nchi, na huko ni mbali. Hakuna aliyepanda basi kwenda kuhakikisha. Nikiwa mdogo niliamini kwamba mashamba ya kwetu yamejaa watu wa Nairobi waliokwenda kupumzika.

Kisha ukaingia kwetu.

Dada yangu mkubwa alikuwa msusi katika saluni moja ya Donholm. Alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, na wateja walimfuata kwa vyote viwili. Mwaka huo alianza kunyamaza. Aliacha kulala. Alikuwa akisimama kwenye ngazi akimjibu mtu ambaye sisi hatukumsikia. Katika ghorofa letu maji huja siku mbili kwa wiki, na kila familia hujaza mitungi yake na kuipanga koridoni. Asubuhi moja alitoka akaanza kuimwaga mitungi ya majirani, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akisema imetiwa sumu na yeye ametumwa kutuokoa. Maji yalishuka ngazi hadi kwenye duka la chini.

Jirani wa mlango wa tatu, mwanamke anayekaanga samaki na ambaye ni mshirika wa kanisa letu, alitoka akiwa amejifunga leso, akautazama mtungi wake mtupu, kisha akamtazama mama. "Mama, huyu karogwa," alisema. "Tafuta mtu." Vijana wa chini walisema waya zimegusana. Mmoja alitaja ile hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo jina lake Nairobi nzima hulitumia kama tusi.

Mama alisema ni malaria, imepanda kichwani.

Nilikuwa nimesimama kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akipitisha pakiti iliyopungua. Na ulikuwa uwongo mzuri, kwa sababu kila mtu anamjua mtu ambaye malaria ilimpanda kichwani akasema maneno ya ajabu, kisha akapona. Majirani waliupokea kwa shukrani. Hata yule mama wa samaki alitulia.

Lakini mama hakujidanganya. Wiki hiyo hiyo alimpeleka dada kwenye kituo cha afya cha mtaa mwingine, mbali na watu wetu. Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, na mbele yake benchi refu. Mama alijifunika leso hadi puani ingawa kulikuwa na joto. Afisa wa afya aliyetupokea alimuuliza dada maswali kwa upole na kwa muda mrefu, mengi ya hayo akimuuliza yeye mwenyewe, si sisi. Alituambia ugonjwa huu una jina na una matibabu. Vidonge kila jioni, bila kuruka hata siku moja, na kurudi kliniki kila baada ya wiki nne, siku ya Alhamisi asubuhi.

Vidonge vilifanya kazi polepole. Kwanza dada alilala. Kisha akaanza kula. Wiki ya tatu aliomba kitana, akamfumua mama nywele na kumsuka upya, akimkemea kwa kuacha kichwa kikauke hivyo. Mama alikaa chini kwenye mkeka, akamwachia kichwa.

Wakati huo kina mama walikwisha kuanza kunong'ona kwamba katibu huandika wagonjwa wa watu na kuficha wake. Jumapili iliyofuata mama alisoma, kwa sauti ile ile ya siku zote: binti yake, malaria, yuko nyumbani, anaendelea kupata nafuu. Akafika kwenye siku ya kumwona, na hapo akasita. Kisha akasema siku yoyote.

Walikuja Alhamisi, saa mbili asubuhi. Tulikuwa tumekwisha kuvaa viatu na kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya mkoba wa mama. Walikuwa wanawake sita, na unga, na sukari. Kwetu mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hafukuzwi mlangoni. Unaweza kumwambia unakwenda hospitali, naye atasema twende sote. Lakini malaria iliyokwisha kupoa haina kliniki ya Alhamisi. Nilimwona mama akifikiri haya yote kwa muda wa kupumua mara moja. Akavua viatu, akabandika chai.

Waliimba. Waliomba. Walimshukuru Mungu kwa kuishinda malaria, na mama wa samaki akatueleza kwa kirefu juu ya mti fulani ambao majani yake, ukiyachemsha, mbu wenyewe watakuogopa. Walipoondoka ilikuwa saa saba. Kliniki hufungwa saa sita.

Dada alikuwa akikusanya vikombe. "Kumbe ni malaria," alisema, bila hasira. "Basi nimeshapona. Hizi dawa za jioni ni za nini tena?"

Mama alikuwa na jibu, lakini alikuwa ametoa jingine mbele ya kanisa zima, na dada alikuwa amelisikia.

Vidonge vilibaki vya siku mbili, na hata hivyo hakuvimeza. Alhamisi iliyofuata alikataa kutoka, na hatukumburuta. Baada ya wiki tatu hivi, mchana wa saa sita, mume wa mama wa samaki, dereva wa lori, alimkuta dada kando ya barabara karibu na Donholm, miguu mitupu, akiyaongoza magari kwa mikono yote miwili. Alisimamisha lori, akamsalimu kama kawaida, akamwomba amsaidie kuonyesha njia ya Tassia. Dada akapanda. Alipomfikisha mlangoni, yule baba hakuingia. Alimwambia mama jambo moja tu:

"Mama, malaria hii si ya mbu."

Afisa wa kliniki hakutugombeza. Alianza vidonge upya, kisha akamuuliza mama: siku ukiwa kazini, ni nani mwingine anayejua dalili za kuangalia? Nani anajua lazima ameze nini, saa ngapi? Mama alisema hakuna. Shule zilikuwa zimefunguliwa, nami nilikuwa darasani mchana kutwa. Afisa aliandika jibu hilo kwenye faili, na nadhani kuliona likiandikwa ndiko kulikomuumiza mama, mtu aliyeamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Iliwachukua karibu miezi miwili dada kutulia na mama kuamua. Alasiri ya Jumamosi moja mama alikaa mezani na daftari la orodha. Dada alikuwa akichambua maharagwe.

"Nataka kukuandika," mama alisema.

"Watasema."

"Wanasema sasa. Ila wanasema bila kujua."

Dada alitupa kokoto moja dirishani. "Na nikikataa?"

"Sitaandika. Ugonjwa ni wako."

Dada alimaliza ungo wote wa maharagwe. Mimi nilijifanya kusoma.

"Andika," dada akasema hatimaye. "Ila usiniweke karibu na mzee wa bawasiri."

Jumapili mama alivaa sare ya kina mama, iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Alipoitwa alikwenda mbele, akafungua daftari, akarekebisha miwani. Nilikuwa nimekaa na dada safu ya nne. Alinishika mkono, lakini hakuinamisha kichwa.

"Kabla ya orodha ya leo kuna marekebisho," mama alisema. "Niliandika kwamba binti yangu ana malaria. Hakuwa na malaria. Ana ugonjwa wa akili. Anatibiwa kliniki na anameza dawa kila jioni. Niliposema uwongo alikosa kliniki, akaacha dawa, akaugua tena. Kosa ni la katibu. Anayetaka kumwona aje siku yoyote, isipokuwa Alhamisi asubuhi."

Matone ya nguo za ghorofani yalisikika juu ya bati.

Mama hakuketi, wala hakuendelea. Katika vikao vyetu vyote, vya kanisa na vya chama cha akiba, marekebisho hayaingii daftarini mpaka mtu ayaunge mkono, na yeye hakuwa mtu wa kuruka utaratibu kwa sababu jambo ni lake. Alisimama akingoja, kalamu mkononi. Mchungaji alikohoa. Nilidhani atatangaza sadaka atuokoe sote.

Mama wa samaki alisimama upande wa kushoto. "Naunga mkono," alisema. Alipotaka kuketi, akasimama tena. "Na mimi ndiye niliyesema karogwa. Hilo nalo lirekebishwe."

Mama aliandika. Kisha akaisoma orodha ya siku hiyo yote, hadi mwisho, na mtu wa kwanza alikuwa mtoto mwenye tetekuwanga.

Tangu hapo nimehudhuria sherehe nyingi ambapo watu walipigiwa makofi kwa ushujaa wao. Nami hupiga makofi. Lakini nikitaka kukumbuka ushujaa unafananaje, namwona mwanamke wa kiwanda cha sabuni akiwa amesimama na kalamu, akingoja kuungwa mkono kwa utaratibu.

Si kwamba kila mtu aliguswa. Familia mbili ziliacha kuja kwetu. Mtu ambaye hatukumjua aliacha chupa ya mafuta ya upako kwenye mlango wetu. Mwenye saluni alimwambia dada apumzike kwanza, na hakumwita tena. Ilibidi aanze kusukia nyumbani. Mchungaji alimwombea akimkandamiza kichwa kwa mikono miwili muda mrefu, mpaka dada akasema taratibu, "Mchungaji, shingo."

Lakini Jumatano kina mama walikuja, na mara hii walikuja na maswali. Usingizi ukipungua, ndiyo dalili? Dawa hunywewa kabla ya chakula au baada? Akisema maneno ya ajabu tumjibu vipi? Dada aliwajibu mwenyewe. Waliokuwa na biashara zao, ambao hawakuhitaji ruhusa ya bosi, waligawana Alhamisi za kumsindikiza kliniki. Mama wa samaki alichukua ya kwanza. Mama alirudi kwenye zamu yake ya kiwandani bila kuomba udhuru, na dada hakukosa kliniki hata moja.

Jumamosi moja, miezi mingine ilipokwisha kupita, mwanamke mmoja alibisha mlango wetu. Yeye na mume wake walikuwa wamehamia kanisa letu kutoka Majengo. Mumewe, mtu wa Ukambani, alikuwa mchongaji wa vinyago. Mkewe alikuja kumwandikisha katika orodha.

"Andika presha," alisema.

Mama aliuliza presha ilipimwa wapi. Haikupimwa. Aliuliza mgonjwa ana dalili gani. Yule mama alisema mumewe haonji chakula, hajagusa tezo yake ya kuchongea tangu Krismasi, anakaa ameutazama ukuta, na juzi aliwagawia wenzake vifaa vyake vyote akisema hatavihitaji tena.

Mama aliiweka kalamu chini. "Presha siandiki," alisema. "Na kama hutaki lolote liandikwe, sitaandika lolote, wala halitatoka humu ndani. Lakini huyu mtu anahitaji kuonwa na daktari leo, si Alhamisi."

Mwanamke alianza kulia. Alisema watu wa mumewe watasema amemtia wazimu. Alisema yeye hajui hata mahali pa kuanzia, mlango gani, aseme nini akifika.

Dada alikuwa amemshika mteja kichwa, nywele nusu zimesukwa. Alimwomba yule mteja amngojee. Akanawa mikono, akachukua sweta lake nyuma ya mlango, akaja akasimama karibu na kiti cha mgeni.

"Mlango naujua," alisema. "Twende tumchukue, mama. Ukifika utasema kama ulivyosema hapa."