Shamba Lililolala

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa ulimi, kisha akanipa umri wa kuujutia. Kwake hakuna lugha ngeni, wala hahitaji mkalimani. Rehema zake zimfikie Mtume na wote waliomfuata kwa wema. Namwomba anisaidie niseme jambo hili kama lilivyokuwa, nisijipambe.

Ujanani nilipelekwa Unguja kusoma dini. Nyumba niliyokaa ilipakana na ya karani mmoja Mgoa, na jioni, baada ya darsa, alinifundisha Kiingereza, nami nikamfundisha herufi za Kiarabu. Maneno yake niliyaandika katika daftari, kila neno na maana yake. Mawili kati ya hayo, "continual" na "continuous", niliyapa maana moja: daima. Yalianza sawa, yalifanana masikioni, nikaona kuyatenga ni kupoteza wino.

Nilirudi Mafia nikasomesha Qurani Miburani miaka mingi bila mtu kukihitaji Kiingereza changu. Wadachi waliotutawala walisema nasi kwa Kiswahili. Lakini vita vilipowaondoa wakaja Waingereza, na bwana waliyemweka Kilindoni hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Nikaitwa nimfasirie. Sitaficha: nilifurahi. Watu walinipisha njiani, na mimi nikaanza kupenda kupishwa.

Siku moja ililetwa kesi ya shamba. Mjane mmoja wa Miburani, mkubwa wangu kwa umri, alikuwa na shamba la muhogo alilorithi kwa mama yake. Kwetu muhogo ukiichosha ardhi, mwenyewe huilaza miaka mitatu au minne, akalima upande wa pili, kisha akarudi. Shamba lililolala si mahame, mwenyewe yupo. Jirani yake mpya, aliyehamia karibuni kutoka bara, aliona vichaka akadhani pameachwa. Akataka apande minazi. Hakuwa mwongo, hakujua tu.

Bwana aliniambia nimwulize yule mama kama shamba hilo amekuwa akililima.

"Mwambie, maalimu, nalima, nalaza, narudi," mama akasema. "Ndivyo alivyofanya mama yangu, ndivyo nifanyavyo mimi."

Jirani akadakia, "Miaka minne! Huo usingizi au mauti?"

"Kwani huyo bwana aliyekaa hapo akilala tunamzika?" mama akamjibu.

Baraza zima likaangua kicheko. Bwana akakunja uso, akataka kujua kinachochekwa. Niliona haya kumfasiria mzaha ule, nikaharakisha, nikamwambia kwamba mama amelilima shamba lake tangu enzi za mama yake, na katika yale maneno mawili nikachukua "continuous". Bwana akaandika. Kisha akasema twende tukapaone.

Njiani karani wa hesabu wa ofisi, si yule Mgoa bali mwingine aliyekuja na bwana kutoka Unguja, alinivuta pembeni.

"Shekhe, neno ulilompa bwana silo. Umemwambia mama hakuacha hata msimu mmoja."

"Si ni lile lile?"

"Ni ndugu, si pacha. Maji ya pwani yanakupwa, yanajaa, yanakupwa tena, hayaachi kurudi. Hilo ndilo neno la mama, 'continual'. Neno lako ni la mto Rufiji, unaokwenda bila kusimama. Mwambie bwana kabla hatujafika."

"Nitamwambia."

Nilikuwa na nia hiyo. Lakini bwana aligeuka, akanipiga bega mbele ya watu, akasema Kiingereza changu ni kizuri kuliko alivyotarajia. Nikatembea nikiwa nimeinua kichwa, na lile neno likabaki kooni mpaka tukafika.

Nusu ya shamba ilikuwa na muhogo mzuri. Nusu nyingine ilikuwa vichaka vya kumpita mtu kimo. Bwana alivitazama sana, akanigeukia, akauliza kama mama kweli alisema amelima bila kukatisha.

Lilitakiwa jibu moja tu: nimekosea. Nikasema, "Ndiyo, bwana, ndivyo alivyosema."

Karani akainamisha macho. Mama hakuelewa tulichosema. Aliniona nasema na bwana, akanitabasamia, akidhani namtetea.

Ile nusu yenye vichaka akapewa jirani. Wazee walitaka kueleza desturi, wakaambiwa kesi imekwisha. Mama akaonywa asiseme uongo tena mbele ya serikali, na onyo hilo nililifasiri mimi, kwa Kiswahili fasaha.

"Uongo upi, maalimu?" akaniuliza.

"Ndivyo alivyoamua bwana."

Nusu iliyobaki haikumtosha, kwa kuwa ardhi isiyo na mahali pa kulala huchakaa upesi. Baada ya misimu miwili akahamia Kiegeani kwa kaka yake. Mimi niliendelea kusalisha. Mtu hutoka msikitini baada ya adhuhuri akaenda zake, akarudi alasiri, wala hakuna amwambiaye kwamba aliiacha swala. Kwenda na kurudi si kuacha: jambo hilo nililijua tangu utotoni, kabla ya kukutana na Mgoa wala daftari. Nilipokaa mbele ya msahafu nilisoma kwa ulimi ule ule, na nilijiona mchafu.

Mwishowe nikaenda Kiegeani. Nilimkuta anamenya muhogo uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, maalimu. Umepotea njia?"

Nikamweleza yote, tangu baraza mpaka shambani. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza akasema:

"Miaka hii yote nilidhani Kizungu hakina neno la shamba lililolala. Nikawaonea huruma. Nikasema, masikini, watu hawa wanalimaje?" Akaweka kisu chini. "Kumbe lipo."

"Lipo, mama. Nami niliambiwa kabla hatujafika."

"Nimekusamehe, maalimu, kwa sababu nami nakwenda kwa Mola. Lakini usidhani nimefurahi. Kawaambie wa Miburani kwamba sikusema uongo."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisimama nikawaambia. Wapo walioniheshimu kwa hilo, wapo walioondoa watoto wao chuoni kwangu. Wote nawapa haki. Nilikwenda pia Kilindoni. Bwana yule alikwisha hamishwa, na aliyemrithi alinionyesha karatasi ya hukumu yenye muhuri, akasema haibadiliki. Jirani naye alisikitika kwa dhati, lakini minazi yake ilikwisha shika mizizi. Yule mama alirudishiwa jina lake. Shamba lake sikuweza kumrudishia, na alifariki Kiegeani akilima ardhi ya kaka yake.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, akupe na ujasiri wa kusema "nimekosea" wakati neno hilo bado linaweza kumfaa mtu. Akuhifadhi wewe na unaowapenda, amrehemu mama yule, na anisamehe mimi. Amin.