Kitufe cha Kijani na Miwani ya Mama

Hapa Sumbawanga mzigo husafiri kwa maneno. Unampa kondakta, unampigia ndugu yako wa Chala, unamwambia, "Muulize yule mwenye koti la bluu," na mzigo unafika. Mimi, kwa kuwa nilisoma chuo kikuu, niliona hilo ni tatizo. Nikaungana na vijana wanaojua kompyuta, tukabuni programu ya simu ya kuita bodaboda ikufikishie kifurushi. Kazi yangu ilikuwa kutunga masharti. Nililolipenda zaidi lilisema dereva asiachie mzigo mpaka mpokeaji abonyeze kitufe cha kijani kwenye simu yake. Akikiuka, anafungiwa.

Mama yangu anaishi Kaengesa. Miwani yake ilivunjika, na Jumapili ilikuwa zamu yake kusoma somo kanisani, heshima ambayo hawezi kumwachia mtu. Nikatengenezesha mpya mjini, nikaituma kwa programu yetu, kifua mbele.

Dereva akanipigia. "Bosi, bibi hajabonyeza."

"Weka spika. Mama, kitufe kiko chini, kulia. Cha kijani."

"Ningekiona, mwanangu, ningekuwa nasubiri miwani?"

"Basi dereva, mbonyezee."

"Mmeandika dereva asiguse simu ya mpokeaji."

"Mpe tu miwani yake."

"Bosi, huu ni mtego? Mwenzangu alimhurumia mzee mmoja, mkamfungia. Mimi nina watoto."

Masharti yale niliyatunga nikimfikiria mwizi. Mtu anayesubiri kitu chake sikumfikiria kabisa.

Nikamsikia mama: "Mjukuu wangu, achana naye. Fungua hicho kiboksi. Miwani ishike wewe, usiiachie. Nisogezee tu machoni."

Kufungua sikukataza, hata wazo hilo halikunijia. Niliwawazia uani kwenye ule upepo wa baridi, dereva na koti lake zito ameshika miguu ya miwani, mama ameusogeza uso kama anayechungulia dirishani.

"Kumbe ni haka!" Akabonyeza. Mzigo ukapokelewa, hakuna sharti lililovunjwa, na dereva akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

"Na haya maandishi," mama akaniambia, "umewaandikia sisimizi?"

Kisha akasoma kwa sauti ya kanisani swali lililotokea kwenye simu: "Je, dereva amechelewa?"

"Nimechelewa, bibi," dereva akasema. "Kweli nimechelewa."

"Hujachelewa. Maharage hayajaiva. Ingia ndani, ukae."