Harufu za Kuazima

Dobi huyu hakuwahi kusikia harufu yoyote tangu azaliwe. Pua alikuwa nayo, tena nzuri, ila kazi yake ilikuwa kupumua na kubeba miwani, basi. Utotoni wenzake walipoziba pua naye aliziba, waliposema "mmh, kunanukia!" naye alisema mmh. Akaendelea hivyo hivyo mpaka miaka arobaini na mbili, na hata dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi ya utoto, hakujua. Kwenye duka lake la kufulia alifua kila nguo mara mbili, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua kama mara moja imetosha. Wateja wakamsifu kwa usafi. Wangejua!

Mama yao alipofariki, dobi akafanya kile anachokijua. Siku ya pili baada ya maziko alikusanya nguo zote za marehemu, akafua, akapiga pasi, akakunja. Na lile sweta la kijivu ambalo mama hakulivua miezi yake yote ya mwisho, akalifua mara tatu, kwa mapenzi. Akampelekea dada yake likiwa laini kama limetoka dukani. Dada akalipeleka puani, akavuta pumzi, akavuta tena. Kisha akapiga ukelele ambao hakuupiga hata makaburini.

"Umemfua mama! Umemfua akatoka kabisa!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia kwa mwaka mzima. Walikuwa wamebaki wawili tu, hawana ndugu mwingine, na mmoja akipiga simu mwingine hapokei.

Dobi hakutulia tena. Alikuwa na kawaida ya kuandika hadithi fupi na kuzipeleka kwenye kipindi cha redio cha Jumamosi mchana, kwa hiyo akaona njia ni hiyo. Ataandika habari ya binti anayenusa sweta la mama yake, apate kuelewa mwenyewe amemnyang'anya dada yake kitu gani, na dada akisikia ajue kwamba ameelewa. Lakini utaandikaje kitu ambacho mwili wako haujawahi kukipata hata siku moja? Akaanza kuwasumbua wateja.

"Samahani, shangazi. Nguo ya mtu unayempenda ina harufu gani?"

"We mwanangu, una nini leo? Si ina harufu yake!"

"Ndiyo, lakini yeye ana harufu gani?"

"Makubwa haya! Nipe shuka zangu niende."

Kila mtu alikuwa na pua, ila maneno hakuna. Mwashi alisema udongo mkavu ukipata mvua. Muuza maziwa alisema sufuria ikishaoshwa lakini maziwa hayajatoka. Mpiga pasi wake, mzee mwenye mdomo, alisema jasho la mama lina joto, dobi akambana aeleze, akamjibu, "Mama, niache, nina kazi." Dobi aliandika yote nyuma ya risiti, akasimama, akakaa, akaenda dirishani, akarudi, akafuta. Mashine zinazunguka na yeye anazunguka. Alinusa sabuni, akanusa kwapa la shati la askari. Wapi! Hewa tu, inaingia baridi na kutoka vuguvugu. Siku moja alipandwa na hasira akaizaba pua yake kofi, mpiga pasi akabaki kinywa wazi.

Jumamosi moja hadithi ikasomwa redioni. Mtangazaji mwenyewe alisita katikati. Watu wakapiga simu wakiwalilia mama zao.

Jumatatu dada akatokea dukani, chaki bado vidoleni. Dobi akasogeza benchi.

"Dada! Karibu, karibu ukae!"

"Sikai. Nimeisikia hadithi yako." "Kumbe ulikuwa unajua! Jasho la homa, dawa ya kuchua, nywele zake kwenye kola, vyote unavijua kuliko mimi. Ulijua, na bado ukalifua!"

"Dada, mimi sisikii harufu. Sijawahi."

"Toka hapa! Asiyesikia harufu ataandika vile?"

"Nimeomba kwa watu. Kila sentensi ni ya mtu." Akamsukumia rundo la risiti. Dada hakuzitazama.

"Na tulipokuwa tukipita machinjioni, ulikuwa ukiziba pua kwa nini?"

"Niliwaiga."

Mwalimu ni mwalimu tu. Alimshika mkono, akamvuta mpaka nyumbani kwake, mtaa wa pili, akamkalisha kwenye meza ya jikoni na kumfunga macho kwa taulo.

"Hii nini?"

"Sijui."

Kopo lilifunikwa, jingine likafunguliwa. "Na hii?"

"Sabuni?"

"Usibahatishe! Ni kahawa hiyo."

Nyayo zilikwenda chumbani, zikakawia, zikarudi polepole. Kitu kikaletwa karibu na uso wake bila kumgusa.

"Na hii?" Dada alinong'ona.

Dobi alivuta hewa kwa nguvu zake zote, mpaka kizunguzungu. Alitaka sana apate, hata moja tu.

"Kitunguu?" alisema.

Akasikia kilio, akalivua taulo. Dada alikuwa ameshika kitambaa cha kichwa cha mama, nusu ndani ya mfuko wa plastiki, nusu nje.

"Nilikificha siku ile ile aliyofariki," dada alisema. "Huwa sikifungui. Kila nikikifungua kinapungua."

"Kifunge, dada! Kifunge upesi!" Dobi aliukimbilia mfuko kwa mikono miwili.

Dada akamzuia, akamkalisha tena. Alivuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yakagusana, akakitoa kitambaa chote.

"Acha kipungue," alisema. "Leo navuta kwa ajili ya watu wawili. Tulia nikuambie."